Konisi za Dari: Jipsamu ya Karakana, Povu la Dukani na Plastiki, Baada ya Masika Mawili

Nyumba yetu iko Kigamboni, mwendo mfupi kutoka baharini. Ina sebule, vyumba vitatu vya kulala, jiko, korido na bafu, na dari yake, ukiacha ya bafuni, ni ya bodi za jipsamu zilizofungwa chini ya blandaringi za mbao. Ilipofika zamu ya kuziba ule mwanya unaobaki pale dari inapokutana na ukuta, nilijikuta nimenunua konisi za aina tatu kwa ajili ya nyumba hiyo moja: moja kwa hiari yangu, moja kwa kushawishiwa na muuzaji, na ya tatu kwa sababu bafu halikuniachia njia nyingine. Masika mawili yamekwisha kunyesha juu ya bati letu tangu zipandishwe, kwa hiyo naandika nikiwa nimeziona zikiwa mpya na nikiwa nimeziona zikianza kuzeeka. Hukumu yangu naitanguliza: kwa dari ya kawaida yenye kimo cha mita 2.7 hadi 3, konisi nyembamba ya jipsamu iliyotiwa katani, inayomiminwa na mafundi wetu kando ya barabara, imezishinda nyingine zote, na kilichoamua uzuri wake ni kona na maungio, wala si maua.

Watu huiita konisi pambo, lakini kazi yake ya kwanza ni kuficha. Mbao za kenchi na blandaringi huvimba wakati wa unyevu na kusinyaa wakati wa kiangazi, ilhali ukuta wa tofali za saruji hujongea kidogo sana. Kwa kuwa viwili hivyo hukutana katika mstari mmoja, ufa hujitokeza papo hapo hata fundi awe amepiga skiming nzuri namna gani, na konisi hukaa juu ya ufa huo kama pindo linavyoficha nyuzi za ukingo wa nguo.

Wazee wa pwani hawakuihitaji. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zilifunikwa kwa boriti za mikoko, na urefu wa boriti, ambao kwa kawaida haukuzidi mita 3, ndio uliopanga upana wa chumba. Mapambo yao yalikaa ukutani, katika chokaa iliyochongwa kuzunguka zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, mahali ambapo jicho la mtu aliyeketi hufika bila kuinua shingo. Konisi ilitufikia kwa njia nyingine, pamoja na majengo ya Kizungu, na baadhi ya michoro inayouzwa leo, kama ile ya mayai yanayopishana na mishale au ile ya vijino vya mraba, asili yake ni mahekalu ya mawe ya Wagiriki wa kale. Nalitaja jambo hili kwa sababu lina matokeo dukani: mchoro uliobuniwa utazamwe kutoka mbali sana chini, ukiletwa mita moja tu juu ya kichwa cha mgeni, huonekana kana kwamba unataka kumwangukia.

Karakana niliyonunua konisi za jipsamu iko kando ya Barabara ya Kilwa, chini ya paa la mabati lisilo na kuta, na bidhaa zake hukauka juani juu ya mbao zilizopangwa kama vichanja vya dagaa. Sitaitaja jina, kwa kuwa nina sifa na lalamiko pamoja. Kazi inayofanyika hapo si ngumu kuieleza. Poda ya jipsamu hutokana na jiwe lililochomwa hadi nyuzi 150 hivi, likapoteza robo tatu ya maji yaliyofungamana nalo. Poda hiyo ukiirudishia maji, huganda na kuwa jiwe tena ndani ya muda mfupi. Jiwe lenyewe tunalo nchini, Makanya wilayani Same na huko Kilwa, ingawa viwanda vya saruji navyo vinalitaka, kwa maana ndilo linalozuia saruji isigande mapema mno. Fundi hukoroga poda hadi ifanane na uji mwepesi, hupaka kalibu mafuta, humimina tabaka la kwanza, hutandaza nyuzi za katani, kisha humimina tabaka la pili na kulisawazisha kwa ubao.

Nyuzi hizo ndizo uti wa mgongo wa bidhaa. Mwaka 1856 Mfaransa aitwaye Leonard Desachy alisajili nchini Uingereza njia ya kuimarisha plasta kwa kitambaa; mafundi wetu wana mkonge, nao unafanya kazi ileile kwa gharama ndogo. Konisi isiyo na katani hukatika vipande viwili ikiinuliwa kwa ncha zake. Yenye katani, hata ikipata ufa, hubaki imeshikana, na ufa huo huzibwa kwa poda kidogo na msasa.

Kwa hiyo ukifika karakana, usianze kwa kutazama maua. Omba kwanza kuoneshwa kipande kilichovunjika, ambacho hakikosekani, ukaangalie kama katani imeenea mwili mzima au imerundikwa katikati tu. Kisha inua konisi nzima, fumba jicho moja, uitazame kwa urefu wake kama seremala anavyotazama ubao, kwa sababu iliyopinda hata milimita chache itakuachia mwanya ambao fundi ataujaza kwa putty na masika yataufumua. Lakini kosa kubwa kuliko yote, nililolifanya katika mzigo wangu wa kwanza, ni kununua konisi mbichi. Kikemia, kila kilo 100 za poda zinahitaji chini ya kilo 19 za maji ili zigande, ila mchanganyiko mzito kiasi hicho hauwezi kutiririka ndani ya kalibu, na ndiyo sababu fundi hutia kilo 60 au zaidi. Maji yote yaliyozidi hayana kazi tena. Ni lazima yatolewe na jua na upepo, na jambo hilo huchukua siku kadhaa, na zaidi ya hapo wakati wa mvua. Konisi mbichi ni nzito, huwa baridi ukiigusisha shavuni, na ukiigonga kwa kifundo cha kidole haitoi sauti ya maana. Iliyokauka hulia kama kigae.

Konisi nne katika mzigo ule zilikuwa zimemiminwa juzi yake. Fundi alizipandisha hivyohivyo, rangi ikapakwa wiki iliyofuata, na kabla ya mwezi kwisha rangi ilikuwa imefanya malengelenge kuanzia mlangoni hadi dirishani. Karakana ilinibadilishia konisi bila ubishi, na kwa hilo naishukuru, lakini ujira wa fundi na ndoo ya pili ya rangi vilinikalia mimi, ilhali aliyejua tarehe ya kumiminwa alikuwa ni muuzaji peke yake. Mzigo wa pili niliukagua kimoja kimoja, nikigonga na kusikiliza mbele ya vijana wa karakana ambao mwanzoni walicheka, kisha wakaanza kunisaidia kutenga.

Aina ya pili niliinunua katika duka moja la Kariakoo. Ni konisi za polistirini, yaani lile povu gumu jeupe linalofungashiwa televisheni mpya. Muuzaji alizisifia wepesi, na katika hilo hakusema uongo: mzigo wa chumba kizima niliubeba kwa mkono mmoja nikavuka nao pantoni, wakati konisi za jipsamu zilinilazimu kukodi kirikuu, kuzilaza juu ya magodoro ya zamani na kuzungukia darajani kwa mwendo wa maiti. Povu hukatwa kwa kisu kikali, hubandikwa kwa gundi bila skrubu, na mtu mwenye subira anaweza kumaliza chumba mwenyewe kwa siku moja. Mchoro wake nao hutoka kali na sawasawa, bila vile vitundu vya hewa ambavyo hujitokeza kwenye jipsamu iliyomiminwa kwa haraka. Nilizifunga katika chumba cha watoto.

Dosari ya kwanza ilijitokeza siku ya kupaka rangi. Fundi rangi, ambaye alizoea milango na madirisha, alichovya brashi katika rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa thina, na pale alipogusa, konisi ikaanza kunywea na kuingia ndani mbele ya macho yetu. Povu la aina hii halivumilii thina wala petroli, na gundi nyingi zenye harufu kali zina viyeyushi vya namna hiyohiyo. Linataka rangi ya maji na gundi isiyo na viyeyushi. Dukani hakuna aliyetuambia, na kwenye karatasi iliyozifunga hapakuwa na maandishi zaidi ya vipimo. Dosari ya pili huja polepole, nayo ni kubonyea. Ngazi iliyoegemezwa, fimbo ya pazia iliyogonga, mpira wa watoto, kila kimoja kimeacha alama yake, na alama hizo hazizibiki vizuri kwa sababu putty ngumu juu ya mwili laini hupasuka tena.

Kisha kuna moto. Polistirini hulainika katika joto linalokaribia lile la maji yanayochemka, na ikiwaka hudondosha matone ya moto na kutoa moshi mweusi mzito. Jipsamu iliyoganda, kinyume chake, imebeba maji ndani ya mwili wake, takribani asilimia 21 ya uzito, na moto hauna budi kuyafukuza hayo kwanza kabla ya kuendelea. Kwa sababu hiyo povu singeliweka jikoni hata kwa kupewa bure, na katika chumba cha watoto nimeliacha shingo upande hadi nitakapopata nafasi ya kulibadilisha.

Ipo pia aina ya poliurethini, ambayo nayo ni povu lakini zito zaidi na gumu kiasi cha kukatwa kwa msumeno kama mbao laini. Niliishika mkononi nikaipenda: haiogopi unyevu, ni nyepesi kuliko jipsamu na michoro yake ni safi sana. Bei niliyotajiwa kwa mita ilizidi ile ya karakana zaidi ya mara tatu, nikairudisha mahali pake. Bafuni niliweka dari ya mbao za plastiki ya PVC pamoja na mikanda yake ya pembeni, kwa sababu jipsamu hunywa mvuke na kuota kuvu. Mikanda hiyo ina mng'ao ambao hautamdanganya mtu yeyote, lakini hufutwa kwa kitambaa na mambo yakaisha. Tahadhari moja tu: plastiki hurefuka kwa joto la mchana chini ya bati, hivyo fundi asiibane kabisa kona kwa kona, la sivyo itatuna katikati ya ukuta.

Kuhusu ukubwa, duka na karakana hutaja namba moja, kwa mfano sentimita 12, na namba hiyo mara nyingi ni upana wa uso ulioinama, jambo ambalo halikusaidii sana. Zinazohitajika ni mbili: konisi inashuka ukutani kiasi gani, na inaingia darini kiasi gani. Inayoshuka sana hukata ukuta na kukifanya chumba kionekane kifupi. Inayoshuka kidogo na kuenea zaidi darini huuacha ukuta na urefu wake na kuifanya dari ionekane kama sinia lenye ukingo. Kwa dari yangu ya mita 2.8 nilichagua inayoshuka sentimita 8 na kuingia darini sentimita 11, na baada ya kuishi nayo nisingeongeza hata sentimita moja. Kwa kimo cha mita 3 na kuendelea, kushuka sentimita 12 hadi 15 kunavumilika. Njia bora ya kuamua ni kuazima kipande kifupi, kumwambia mtu akishikilie juu konani, kisha wewe uketi, kwa sababu sebuleni watu huketi na chumbani hulala. Hakuna anayetazama konisi akiwa amesimama chini yake isipokuwa siku ya kuinunua.

Namba hiyo ya kushuka ukutani ina ugomvi na vitu vingine ambavyo mwenye nyumba huvikumbuka akiwa amechelewa. Kiyoyozi cha ukutani hufyonza hewa kwa juu na kinahitaji nafasi kati yake na dari, nayo konisi hula sehemu ya nafasi hiyo. Fimbo ya pazia iliyopangwa kukaa karibu na dari itakosa mahali pa kukanyaga. Kabati la nguo linalofika darini hulazimisha konisi ama ikatwe ama izungushwe usoni mwa kabati, na uamuzi huo ni wa seremala na fundi jipsamu wakiwa pamoja, si mmoja baada ya mwingine. Mimi nilisahau kiyoyozi. Kimeshushwa kuliko nilivyotaka, na sasa kinaning'inia juu ya mlango kama kazi ya mtu asiyejua kupima.

Sebuleni niliweka mchoro wa ngazi mbili zisizo na ua, chumbani kwetu mbonyeo mmoja mtupu, na koridoni, ambako upana ni mita 1.2 tu, mkanda wa sentimita 6. Jikoni nako mkanda ni mtupu kabisa, kwa sababu mafuta ya kukaangia hupanda na moshi, hunasa katika kila mchongo, na vumbi hufuata; anayetaka maua jikoni awe tayari kuyapiga mswaki. Konisi zilizopakwa rangi ya dhahabu nimekaa chini yake katika kumbi za harusi nikazifurahia, lakini ukumbi una dari ya juu na mgeni hurudi kwake usiku huohuo. Nyumbani nilipaka rangi ileile nyeupe isiyong'aa ya dari, kwa kuwa rangi inayong'aa huanika kila wimbi na kila ungio.

Hesabu ya vipande huwapotosha wengi. Sebule yangu ni mita 5.2 kwa 4.2, hivyo mzunguko wake ni mita 18.8, na konisi ya karakana ina urefu wa mita 2.4. Ukigawanya unapata vipande 8 kasoro kidogo, na kwa hesabu ya karatasini, vipande 8 vinatosha kweli. Lakini kila kona hula sehemu kwa ajili ya mkato wa mshazari, vipande vya kuungia vinakuwa vifupi mno, na kimoja hakikosi kuvunjika ngazini. Nilinunua 10, nikabakiwa na kimoja. Vyote vitoke katika kalibu moja, maana kalibu mbili zinazodaiwa kufanana hutofautiana kwa kiasi ambacho huonekana pale ncha mbili zinapokutana.

Sasa nifike kwenye kona, ambako kazi hujulikana. Kwenye kona ya ndani, ukingo unaogusa ukuta ndio unaobaki mrefu na ule wa darini hukatwa ukawa mfupi. Kwenye kona ya nje, kama ile ya nguzo, mambo hugeuka. Fundi aliyezoea huiweka konisi kichwa chini ndani ya kisanduku cha kukatia pembe, kana kwamba kitako cha kisanduku ndicho dari, na asiyezoea huharibu vipande viwili kabla ya kukumbuka. Juu ya hilo, kuta zetu hazikutani kwa nyuzi 90 kamili, kwa sababu lipu hunenepa konani, na mkato wa nyuzi 45 kila upande huacha mwanya upande mmoja. Dawa yake ni kukata kwanza vipande vifupi vya majaribio, kuvikutanisha konani, na kurekebisha kabla ya kugusa konisi nzima.

Fundi wangu aliomba alipwe kwa mita, kama ilivyo desturi, na baada ya chumba cha kwanza niligundua kwamba malipo ya mita humfanya akimbie pale panaponyooka na kuzifanya kona ovyo. Tukakubaliana upya: bei ya mita ikashuka kidogo, na kila kona ikapewa malipo yake baada ya mimi kuikagua kwa tochi iliyoshikwa sambamba na ukuta. Kona za vyumba vilivyofuata haziwezi kulinganishwa na zile nne za mwanzo. Nilisimamia pia ukuta ukwanguliwe rangi na kulowanishwa pale gundi ya jipsamu ilipokusudiwa kushika, na skrubu zifuate blandaringi badala ya kuingia katika bodi tupu, maana konisi ya jipsamu ni nzito na gundi peke yake isiachiwe mzigo wote.

Baada ya masika mawili, konisi za sebuleni, chumbani kwetu, jikoni na koridoni ziko salama, isipokuwa ufa mmoja kama unywele kwenye ungio la korido, karibu na mlango unaobamizwa na upepo wa bahari. Mikanda ya plastiki bafuni haijabadilika. Povu la chumba cha watoto limebonyea mahali pengi na sehemu moja imeachia gundi. Chumba cha wageni ndicho hakina konisi kwa sasa: msumari wa bati ulilegea, maji yakapita, na konisi ikapata doa la manjano ambalo rangi ya maji haikuweza kulizuia lisirudi, ikabidi vipande viwili vishushwe. Vipya nimeshavinunua. Vimesimama stoo, vimekauka na vinalia kama kigae, vinasubiri vuli ipite nione kama misumari mipya imeshika.